Gari linavuja, mtoto anakohoa: maji yanapita wapi?

Asubuhi baada ya mvua kubwa, mtoto anapanda kiti cha nyuma, anaweka mkoba wa shule miguuni, na akishuka mkoba umelowa kitako. Mama anagusa kapeti, anakuta limelowa chapachapa. Baba anaapa kwamba vioo vyote vilifungwa na juu ya gari hakuna tundu. Siku ya tatu inaanza harufu ile anayoijua kila aliyewahi kusahau nguo mbichi kwenye beseni. Siku ya nne linanunuliwa pafyumu la kuning'iniza kwenye kioo, na hapo familia nyingi huhesabu kwamba tatizo limekwisha.

Halijaisha. Limefunikwa tu, na anayeendelea kulivuta puani ni yule anayekaa nyuma.

Kwa wakazi wa Kibara na vijiji vilivyo kando ya barabara ya Bunda kwenda Kisorya, msimu wa tatizo hili unajulikana: mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kati ya Oktoba na Desemba, mara nyingi zikiwa na upepo unaotoka Ghuba ya Speke na kuyasukuma maji pembeni badala ya kuyaangusha wima. Magari ya familia yenyewe ni yaleyale: Noah, Wish, IST, Probox, Harrier, X-Trail, Forester. Mengi yalitumika Japan kwa miaka kabla ya kuvuka bahari, kisha yakapigwa na jua la huku kwa miaka mingine. Raba zake zimekauka na kusinyaa kama kamba ya ndala ya zamani.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo. Lilieleza kwamba watu wanaokaa kwenye sehemu zenye unyevu na kuvu wanapata zaidi matatizo ya mfumo wa hewa, mzio na pumu. Mwongozo ule ulizungumzia nyumba, ofisi na shule, si magari. Lakini gari ni chumba kidogo kuliko chumba chochote cha nyumbani, hufungwa vioo na kuachwa juani, kisha watu watano wanaingia na kuwasha feni inayowapulizia hewa usoni. Mtoto naye, ukilinganisha na uzito wake, huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Kuvu haihitaji muda mrefu: kitu kilicholowa kisipokaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, inaweza kuanza kuota.

Dalili ambazo mzazi anaweza kuzihusisha na gari ni chafya, mafua yasiyo na homa, macho kuwasha, kikohozi kikavu, au kifua kubana na kutoa mlio kama filimbi kwa mtoto mwenye pumu. Kinachoelekeza kidole kwenye gari ni wakati zinapotokea: mtoto anaanza kukohoa ndani ya safari, na wiki ambayo gari limelala gereji anapata nafuu.

Hata hivyo, gari lisibebeshwe kila kikohozi. Mtoto aliyekohoa wiki 2 au zaidi anapaswa kupelekwa kituo cha afya akachunguzwe, pamoja na kifua kikuu. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, au yeyote ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta hewa, hasubiri kapeti likauke. Hizo ni dalili za nimonia na anatakiwa kuonwa na mtaalamu siku hiyohiyo.

Paa linalofunguka

Kosa la kwanza la wenye magari, na la baadhi ya mafundi, ni kutafuta tundu. Gari likivuja wanaangalia juu ya pale palipolowa, wasipoona kitu wanapaka silikoni kila penye mstari. Mvua inayofuata, maji yako palepale.

Kinachosahaulika ni kwamba gari halikutengenezwa lizuie kila tone. Limetengenezwa liyapokee maji, liyapitishe kwenye njia zake na kuyatoa chini. Linalovuja, mara nyingi, ni gari ambalo njia hizo zimeziba.

Mfano ulio wazi ni magari ya paa la kukunja, yale yenye turubai linalorudishwa nyuma. Mazda MX-5, gari dogo la watu wawili lililoanza kuuzwa mwaka 1989, linajulikana sana kwa jambo hili. Maji yanayoteremka kwenye turubai yake hukusanywa na mfereji uliofichwa nyuma ya viti, kisha hutoka kwa tundu moja kila upande. Tundu likizibwa na majani na vumbi, mfereji unajaa na maji yanamwagikia kwenye kapeti. Mwenye gari analaumu turubai, anashona, anabandika, wakati turubai halina kosa.

Magari hayo ni nadra Kibara. Paa linalofunguka ambalo watu wa Bunda wanaliona zaidi ni la Land Cruiser za watalii zinazoelekea lango la Ndabaka kuingia Serengeti, lile linaloinuliwa ili mgeni asimame kutazama wanyama. Hapo raba ya kuzunguka ndiyo kinga kubwa, na vumbi la mbugani huila upesi. Lakini kwa familia, paa linalofunguka limejificha kwenye gari la kawaida kabisa: kile kioo cha juu kinachoitwa sanrufu, kilichomo kwenye baadhi ya Harrier, X-Trail na Forester.

Raba ya sanrufu hupunguza maji, haiyamalizi. Yanayopenya huangukia kwenye mfereji unaoizunguka, na kwenye pembe zake kwa kawaida kuna vimirija vinne vya mpira. Viwili hushuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele na kutoka karibu na bawaba za mlango au nyuma ya tairi la mbele. Viwili hushuka nyuma na kutokea maeneo ya bampa. Ni gata ya nyumba ya bati, ila imewekwa ndani ya ukuta. Gata ikijaa majani maji yanarudi ukutani, na hakuna anayepanda kubadilisha bati.

Kuzibua vimirija hivyo si kazi ya gharama, na watu wa ziwani wana kifaa chake tayari: mshipi mnene wa nailoni wa kuvulia sangara. Ncha yake iyeyushwe kidogo kwa kiberiti iwe duara, isije ikatoboa mpira, kisha iingizwe taratibu huku ikizungushwa. Waya wa chuma usitumike. Upepo wa kompresa nao, unaopendwa sana gereji kwa kuwa ni wa haraka, unaweza kukichomoa kimirija kwenye kiungo chake ndani ya paa, na hapo kazi ya dakika kumi inageuka kuwa ya kushusha kitambaa chote cha darini.

Baada ya kuzibua, kikombe kimoja cha maji kimiminwe polepole kwenye pembe ya mfereji. Aliyechuchumaa nje anatakiwa kuyaona yakidondoka chini ya gari. Yasipotoka, au yakisikika yakimwagika ndani ya dari, kimirija kimechomoka au kimepasuka na fundi anahitajika.

Kupima kwa jagi

Si kila gari lina sanrufu, na hata lenye nayo linaweza kuvuja kwingine. Ndiyo maana kabla ya kumlipa mtu, familia inaweza kupima yenyewe Jumamosi asubuhi. Wanahitajika watu wawili, jagi, ndoo ya maji, tochi na chaki ya ubaoni au poda ya mtoto.

Kwanza gari lisimame mahali tambarare, kwa sababu likiinama maji husafiri chini ya kapeti na kulowesha pembe isiyohusika. Kapeti linyanyuliwe ukingoni, na sehemu ya bati inayofikika ifutwe ikauke. Vumbi la chaki au poda kidogo lipakwe kwenye bati hilo na kandokando ya raba za milango. Tone likipita litachora mstari, na mstari huo ukifuatwa kwenda juu unaonyesha lilikotoka.

Mmoja aingie ndani na tochi, milango ifungwe. Mtoto wa darasa la tano au la sita anafaa kazi hii kuliko baba yake. Anaenea chini ya dashibodi, na hachoki kutazama.

Anayebaki nje amwage maji akianzia chini, si juu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kipimo. Ukimwaga juu ya paa, maji yanateremka kila mahali kwa wakati mmoja, yanaingia, na bado hujui pa kuingilia. Ianze sehemu ya chini ya mlango, isubiriwe dakika tano hadi kumi, ndipo ipandwe usawa wa kioo, kisha chini ya kioo cha mbele, kisha pembeni mwa kioo, na paa liwe la mwisho. Mahali ambapo aliyeko ndani atapiga kelele ndipo pa kushughulikia. Pampu ya kuoshea magari isitumike kupima. Nguvu yake hupenyeza maji hata pasipovuja, na inaweza kuinua raba nzima.

Raba za milango zina kipimo chao cha ziada. Noti ya shilingi 1,000 ibanwe kwenye mlango unaofungwa, kisha ivutwe. Ikigoma kidogo, raba inakaza. Ikitoka kirahisi, hapo raba imelala.

Panapofichika

Kwenye magari yanayolazwa chini ya mwembe au mwarobaini, pa kwanza pa kuangalia ni chini ya wipa. Plastiki ile yenye matundu inapokea maji yote ya kioo cha mbele na kuyatoa pembeni. Majani yakioza humo, maji hupanda hadi kwenye tundu linalopeleka hewa ndani, yanapita kwenye feni na kuangukia miguuni mwa abiria wa mbele. Kusafisha ni kwa mkono tu. Feni ikiwa imepitiwa na maji, ni vyema kuitazama chujio ya hewa, ambayo kwenye magari mengi ya Japan iko nyuma ya kabati la dashibodi. Ikiwa nyeusi na yenye harufu ya shimo, ibadilishwe. Ndiyo inayochuja hewa wanayopuliziwa watoto, na wenye magari wengi hawajawahi kuiona.

Pa pili ni ndani ya mlango. Maji huingia mlangoni kila mvua inaponyesha, kupitia pale kioo kinapopanda na kushuka, na hilo ni la kawaida. Yanatakiwa kutoka kwa vitundu vilivyo chini ya mlango. Nyuma ya ubao wa mlango kuna nailoni iliyogandishwa ili maji yasije upande wa abiria. Fundi aliyebadilisha mota ya kioo au kufunga spika akiichana nailoni hiyo, au asiirudishe kabisa, mlango unavuja bila raba kuwa na kosa lolote. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye gari ni hili: mlango huu ulifunguliwa lini, na kwa kazi gani? Dawa ni nailoni nzito mpya na gundi ya kunata, na kuzibua vitundu vya chini kwa kijiti.

Kioo cha mbele kilichowahi kubadilishwa nacho kinashukiwa, hasa kama kona ya dari imeota doa la njano. Kinachotakiwa ni kioo kutolewa na kubandikwa upya kwa gundi maalumu ya vioo vya magari. Silikoni ya madirisha ya nyumba, ile yenye harufu kama ya siki, inaweza kulifanya bati lipate kutu, na fundi atakayekuja baadaye ataanza kwa kuikwangua yote.

Nyuma, maji yakituama kwenye shimo la tairi la spea, raba za taa za nyuma na ya mlango wa buti ndizo za kuangalia. Gari lililotobolewa paa kufunga keria, matundu ya bolti hizo yaangaliwe pia.

Maji yasiyo ya mvua

Kuna kapeti linalolowa kiangazi. Kiyoyozi kikiwashwa hutengeneza maji, ambayo hutoka nje kwa mrija mmoja na kudondoka chini ya gari. Mrija ukiziba, maji yanarudi miguuni mwa abiria wa mbele, safi na yasiyo na harufu. Gari ambalo zamani lilikuwa likidondosha maji likisimama na sasa halidondoshi, wakati kapeti linalowa, limejieleza lenyewe.

La pili ni la hatari zaidi. Maji ya rejeta hupita pia ndani ya dashibodi kwa ajili ya kupasha hewa joto. Njia hiyo ikivuja, kapeti linalowa kitu kinachonata, chenye rangi na harufu tamutamu, kioo cha mbele kinapata utando wa mafuta, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakokwenda. Kemikali iliyomo kwenye kulanti nyingi, ethilini glaikoli, ni sumu na ina ladha tamu, jambo linaloifanya iwe mbaya kwa mtoto anayetia vidole mdomoni. Gari la namna hiyo lisipakie watoto hadi litengenezwe. Wanaotumia maji matupu kwenye rejeta hawataona rangi, kwa hiyo wategemee kipimo cha rejeta kupungua.

Kukausha

Baada ya kuziba njia ya maji bado kazi iko nusu. Chini ya kapeti la gari kuna sponji nene. Juu kapeti linakauka kwa saa chache za jua, lakini sponji inaweza kushika maji kwa wiki kadhaa, na kuvu inaota humo bila kuonekana. Dalili ni vioo kupata mvuke kwa ndani kila asubuhi, jambo ambalo pia humpofusha dereva anayeondoka alfajiri kuwahi kivuko cha Kisorya.

Kapeti linatakiwa kunyanyuliwa, maji yakamuliwe kwa taulo, kisha milango iachwe wazi juani siku mbili au tatu. Kama ni lazima viti vitoke, afanye hivyo fundi umeme akiwa amechomoa betri kwanza, kwa sababu chini ya viti vingi kuna nyaya za mifuko ya hewa ya usalama na za mikanda. Kuvu iliyoonekana isuguliwe kwa maji na sabuni, mtu mzima akiwa amevaa barakoa na watoto wakiwa mbali. Anayetumia Jiki asiichanganye na siki wala dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza mapafu, na ndani ya gari hakuna pa kuikimbilia. Sponji iliyooza itupwe, ikatwe nyingine.

Bati la chini likikutwa na kutu iliyotoboa, lichomelewe kabla kapeti halijarudi. Kwenye tundu kama hilo, moshi wa ekzosi unaweza kuingia ndani, na hewa ya sumu iliyomo, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu.

Kwa mzazi anayejiandaa kununua gari mkononi, ukaguzi wa maji unachukua dakika chache. Gari lifungwe vioo vyote kwa nusu saa juani, kisha mlango ufunguliwe na pua itangulie kabla ya macho. Pafyumu kali mno ni swali, si sifa. Tairi la spea linyanyuliwe. Kidole kipitishwe chini ya kapeti, upande wa dereva na wa nyuma. Mwisho, mkanda wa kiti cha nyuma uvutwe wote hadi ukome: ile sehemu isiyotoka kila siku ikiwa na mstari wa tope au madoa meusi, gari hilo limekaa na maji zaidi ya muuzaji anavyosema.